Siku 201, Saba Tu za Kupima: Kisa cha Sumu na Ripoti Iliyochelewa, West Nile

Usuli

Kisa hiki kimetoka wilaya moja ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, karibu kilomita 500 kwa barabara kutoka Kampala. Majina ya watu, kijiji, kituo cha polisi na hospitali yameondolewa, na umri wa wahusika umebadilishwa. Idadi ya siku kati ya hatua moja na nyingine haikuguswa, kwa kuwa somo lenyewe limo humo.

Marehemu alikuwa mkulima wa nyanya na muhogo mwenye umri wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa na mgogoro wa mpaka wa shamba na mdogo wake, na mara mbili walipelekana kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Jioni ya tukio alikunywa kwete, pombe ya kienyeji, kwa jirani pamoja na watu wengine sita. Aliporudi nyumbani alikula ugali wa muhogo na samaki ulioletwa na mtoto kutoka kwa mdogo wake. Haikupita saa moja akaanza kutapika, kutoka jasho na kutetemeka. Alipakiwa kwenye bodaboda hadi kituo cha afya cha ngazi ya tatu, akapewa rufaa kwenda cha ngazi ya nne, akafariki huko alfajiri. Wale sita wa kwete hawakuugua.

Katika kanda hii neno kwamba fulani kamlisha mwenzake sumu si neno la mchezo. Watu wamewahi kufukuzwa vijijini kwa tuhuma hiyo, na wengine kuuawa. Ndiyo maana mwenyekiti wa LC1 alipiga simu polisi kabla maiti haijapoa: vijana walikuwa wamekwisha kuizunguka nyumba ya mdogo mtu.

Msomaji asiyejua mpangilio wa Uganda aelewe kwamba vielelezo vya polisi huenda kwenye milango miwili tofauti. Mlango wa kwanza ni Naguru, kwenye kurugenzi ya polisi yenyewe ya uchunguzi wa kisayansi: alama za vidole, bunduki na risasi, nyaraka za kughushi, simu na kompyuta. Mlango wa pili ni Wandegeya, kwenye Maabara ya Serikali ya Uchambuzi, ambayo iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani lakini si idara ya polisi. Sumu na vinasaba hupimwa huko. Kwa hiyo mkuu wa upelelezi wa wilaya (OC wa CID) hawezi kuiamuru Wandegeya, anaweza tu kuiomba. Na Wandegeya hailetewi kazi na polisi peke yao.

Sheria nayo ina saa yake. Ibara ya 23 ya Katiba ya 1995 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kwa kosa linalosikilizwa na Mahakama Kuu pekee, kama mauaji, mtu aliyekaa rumande siku 180 bila jalada lake kupelekwa rasmi Mahakama Kuu lazima aachiwe kwa dhamana. Kabla ya marekebisho ya 2005 siku hizo zilikuwa 360.

Mfuatano wa matukio

*Siku ya 1.* Polisi wa eneo la tukio alifika mchana. Alichukua sahani yenye mabaki ya chakula, udongo wenye matapishi, na chupa ya plastiki ya mililita 250 isiyo na lebo iliyokutwa nyuma ya jiko la mshukiwa, ndani yake kukiwa na kijiko kimoja hivi cha kiowevu chenye harufu kali. Sahani na chupa vilitiwa kwenye kavera (mfuko wa plastiki) moja, kavera likafungwa, likapigwa lakiri. Udongo ulitiwa kavera la pili, na baadaye ukapotea kituoni. Mdogo mtu alikamatwa jioni hiyo, kwa tuhuma na pia kwa usalama wake.

*Siku ya 2.* Daktari wa kawaida, si bingwa wa uchunguzi wa maiti, alipasua maiti kwenye mochwari ya hospitali. Alitoa tumbo na vilivyomo, kipande cha ini, na mililita 5 za damu kutoka moyoni. Tumbo liliwekwa kwenye chupa safi ya mdomo mpana. Damu iliwekwa kwenye kichupa kisicho na kihifadhi. Ini, mhudumu wa mochwari alilitia kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi vipande vya mwili, kama afanyavyo kwa vipande vyote. Mkojo haukuchukuliwa.

*Siku ya 3.* Mshukiwa alisomewa shtaka la mauaji mbele ya hakimu, akapelekwa rumande. Saa ya siku 180 ikaanza kuhesabu.

*Siku ya 2 hadi ya 43.* Sampuli zilikaa kwenye friji ya hospitali. Umeme ulikatika mara nyingi, na jenereta iliwashwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji, si kwa mochwari.

*Siku ya 43.* Koplo alipeleka vielelezo Wandegeya pamoja na vya kesi nyingine tatu. Mapokezi yakavikataa vya kesi hii kwa sababu mbili: fomu ilitaja vielelezo vitatu ilhali kwenye sanduku vilikuwa vinne (kavera la sahani na chupa likihesabiwa kimoja), na nakala ya ripoti ya uchunguzi wa maiti haikuwamo. Koplo alirudi navyo vyote West Nile, kwa basi, bila barafu.

*Siku ya 57.* Vilipokelewa mara ya pili, safari hii vikiwa na karatasi zote. Ombi kwenye fomu lilikuwa kupima dawa za hospitali.

*Siku ya 57 hadi ya 149.* Foleni.

*Siku ya 149 hadi ya 156.* Upimaji.

*Siku ya 156 hadi ya 168.* Mchambuzi wa pili alipitia matokeo, marekebisho yakafanywa, ripoti ikasainiwa.

*Siku ya 168 hadi ya 203.* Ripoti ilikaa kwenye kabati la mapokezi ikingoja mtu wa kuichukua.

*Siku ya 183.* Siku 180 za rumande zilitimia. Wakili wa utetezi aliomba dhamana ya lazima, na mshukiwa akatoka siku ya 190. Hakurudi kijijini, alijificha kwa wajomba wilaya ya jirani. Nyumba yake ilichomwa wiki hiyohiyo.

*Siku ya 203.* Mpelelezi aliyekwenda Kampala kwa kesi nyingine aliulizwa pale mapokezi: "Afande, na hii si yenu?" Akaichukua.

Maamuzi na sababu zake

Kila uamuzi hapa ulikuwa na sababu iliyoeleweka kwa aliyeufanya, na mtu asiyezielewa sababu hizo hawezi kurekebisha lolote.

OC wa CID alingoja siku 41 kwa sababu ya mafuta. Pikapu ya kwenda Kampala na kurudi hula zaidi ya lita 100 za dizeli, na mgao wa mafuta wa kituo haukutosha safari moja kwa kila kesi. Aliona busara kukusanya vielelezo vya kesi kadhaa na kuvipeleka kwa mkupuo. Kwa bunduki au nyaraka, hesabu hiyo haina kosa, kwani chuma hakiozi. Kwa damu na tumbo ni hesabu mbovu, maana sampuli inapungua thamani kila siku unayongoja kuokoa mafuta.

Daktari aliacha mkojo kwa kuwa fomu ya polisi ya kuomba uchunguzi wa maiti ilisema tu "kifo cha ghafla". Damu aliichota moyoni kwa kuwa ndiko rahisi kufika. Mhudumu alitumia formalini kwa kuwa ndicho kihifadhi pekee alichoonyeshwa maishani mwake.

Mapokezi ya Wandegeya yalikataa vielelezo kwa sababu nzuri kabisa. Idadi isiyolingana na fomu ni zawadi kwa wakili wa utetezi: mnyororo wa ulinzi, yaani rekodi ya nani alishika kielelezo na lini, umekatika kabla kipimo hakijaanza. Tatizo lilikuwa jinsi walivyokataa. Karatasi ndizo zilizokuwa na kasoro, lakini sampuli ndizo zilizorudishwa kwenye joto kilomita 500.

Neno "dawa ya hospitali" nalo lina historia yake. Shahidi mmoja, kijana wa miaka kumi na sita, alieleza kwa Kiswahili kwamba alimwona mshukiwa na "dawa" mchana wa siku ile. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005, lakini maelezo ya mashahidi huandikwa kwa Kiingereza. Kila mkulima wa West Nile akisema dawa akiwa shambani anamaanisha ya kunyunyizia nyanya. Aliyeandika alichagua neno la Kiingereza la dawa ya kutibu mgonjwa. Mpelelezi aliyejaza fomu ya maabara siku nyingi baadaye hakumsikia shahidi, alisoma karatasi. Hivyo dawa ya wadudu ikageuka kidonge.

Mwendesha mashtaka alikataa kulipeleka jalada Mahakama Kuu bila ripoti. Alikuwa na hoja: mauaji yanahitaji kuthibitisha kifo, kwamba kilisababishwa isivyo halali, nia ovu, na ushiriki wa mshtakiwa. Bila chanzo cha kifo, nguzo ya pili haina mguu. Alichokosa ni taarifa kwamba kulikuwa na njia nyingine ya kuisimamisha. Tutaifikia.

Matokeo ya maabara na ya kesi

Ripoti ilisema hivi. Ndani ya tumbo kulikuwa na klorpirifosi, dawa ya wadudu ya kundi la organofosfati. Kiowevu kwenye chupa kilikuwa na klorpirifosi pia. Mabaki ya chakula yalikuwa nayo. Damu ilikuwa imeoza na haikutoa jibu. Ini halikupimwa kwa kuwa lilikuja ndani ya formalini. Kiasi hakikutajwa.

Mwendesha mashtaka alipeleka jalada Mahakama Kuu wiki tatu baadaye. Kesi ilisikilizwa zaidi ya mwaka mmoja tangu kifo. Ripoti ilikubaliwa na pande zote kwenye kikao cha awali, kwa hiyo mchambuzi hakulazimika kusafiri. Mahakama iliridhika kwamba mtu yule alikufa kwa sumu. Haikuridhika kwamba mshtakiwa ndiye aliyeitia. Yule kijana wa miaka kumi na sita alikuwa amekwenda kutafuta kazi Sudan Kusini na hakupatikana. Chupa ya dawa ya nyanya kwenye boma la mshtakiwa, mkulima wa nyanya, haikumwambia jaji lolote ambalo hakulijua. Mshtakiwa aliachiwa huru.

Uchambuzi: siku zilikwenda wapi

Kila aliyehusika, ukimwuliza, atakwambia maabara ilichelewesha. Tuhesabu tangu sampuli zilipotoka mwilini siku ya 2 hadi ripoti ilipomfikia mpelelezi siku ya 203. Jumla ni siku 201.

Kungoja usafiri wilayani: 41. Kukataliwa na kurudi: 14. Foleni ya maabara: 92. Kupima: 7. Kupitia na kusaini: 12. Ripoti kulala kabatini: 35.

Siku 90 kati ya hizo 201 hazikuwa za kazi ya maabara hata kidogo. Na ndani ya maabara, upimaji wenyewe ulikuwa siku 7. Hata kama Wandegeya ingenunua mashine ya pili siku ileile na kuifuta foleni yote, kesi hii ingechukua siku 109. Hii haina maana kwamba foleni ya maabara si tatizo, kwani ndicho kipande kikubwa kuliko vyote. Ila wilaya haiwezi kuifupisha foleni ya Wandegeya, na zile siku 90 zilikuwa mikononi mwake.

Zinazouma zaidi ni zile 35 za mwisho. Ripoti ilikuwa imesainiwa siku 15 kabla ya mshukiwa kutimiza siku 180. Kama mtu mmoja angepiga simu moja, jalada lingeweza kufika Mahakama Kuu kwa wakati, na suala la dhamana lingeamuliwa kwa uzito wa ushahidi badala ya kalenda. Lakini nani alipaswa kupiga? Maabara ilidhani polisi watafuatilia. Polisi walidhani maabara itawaita. Nambari ya simu kwenye fomu ilikuwa ya koplo aliyekwisha hamishwa.

Uchambuzi: foleni yenyewe

Foleni ya maabara haifanani na foleni ya benki ambapo kila mtu huchukua dakika tano. Kupima sampuli nne za kesi hii (tumbo, damu, chakula na kiowevu cha chupa) kwa kromatografia ya gesi yenye spektrometa ya masi, mashine inayotenganisha kemikali na kuzitambua, kulihitaji sampuli zenyewe, sampuli tupu ya kulinganisha, sampuli iliyotiwa sumu makusudi ili kuona kama mbinu inaikamata, viwango vitano vya kupimia mashine, na marudio. Hesabu inafika michomo 14 hivi, yaani mara 14 za kuingiza sampuli kwenye mashine. Kila mchomo ukichukua dakika 35, hiyo ni saa nane na dakika kumi za mashine. Kabla yake kuna siku mbili za kusaga, kukamua kwa kiyeyusho, kuchuja na kukausha. Zilizobaki kati ya zile siku 7 ziliingia kwenye kutafuta dawa za hospitali ambazo hazikuwamo, kisha kuanza upya kwa njia pana.

Hapo ndipo fomu mbaya inapomwumiza hata asiyehusika. Kutafuta kitu kinachojulikana na kutafuta "chochote" ni kazi mbili tofauti. Ukiambiwa organofosfati, unachagua kiyeyusho, safu (mrija wa mashine unaotenganisha kemikali) na programu ya joto mara moja. Ukiambiwa dawa za hospitali, unakamua kwa asidi na kwa alkali ukitafuta vitu vyenye tabia nyingine kabisa. Siku mbili zilizopotea kwa jalada hili zilikuwa siku mbili za majalada yote yaliyofuata nyuma yake.

Sababu nyingine za foleni zinajulikana na kila aliyefanya kazi kwenye maabara ya aina hii. Mtungi wa heliamu ukiisha, mashine husimama hadi ununuzi ukamilike. Sampuli zilizooza huchafua chanzo cha ioni, na kukisafisha ni siku nzima. Kipuri kinaagizwa ng'ambo. Mchambuzi anaitwa mahakamani kilomita mia tatu, anafika, kesi inaahirishwa, anarudi: siku tatu bila neno moja la ushahidi.

Hesabu ya foleni ni rahisi lakini haina huruma. Tuseme maabara ina uwezo wa kumaliza majalada 55 kwa mwezi, na yanayosubiri ni 165. Atakayeingia leo atangoja miezi mitatu, hata wachambuzi wafanye kazi kwa bidii gani. Tuseme tena yanayoingia ni 60 kwa mwezi. Pengo ni 5 tu, hakuna atakayelishtukia, lakini baada ya mwaka foleni imeongezeka kwa 60. Kazi ya ziada ya wikendi mbili hupunguza mlima huo kwa muda, na usipobadilisha kinachoingia au kinachotoka utarudi palepale.

Kisha kuna muhuri wa HARAKA. Jalada hili halikuwa nao. Wilaya nyingine hugonga muhuri huo kwenye kila fomu, na matokeo yake mapokezi hayausomi tena. Kipimo cha haraka kinachofaa ni tarehe. Fomu ingesema "mshukiwa yuko rumande, siku 180 zinatimia tarehe fulani", mtu wa mapokezi angekuwa na kitu cha kupangia. Jalada la mshukiwa aliye nje kwa dhamana linaweza kungoja. La aliye ndani halingoji.

Uchambuzi: ushahidi uliokuwapo tangu siku ya 1

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na halina uhusiano na mashine.

Kwenye kituo cha afya cha ngazi ya nne, tabibu aliyempokea marehemu aliandika kwenye daftari la wagonjwa: mboni za macho ndogo kama ncha ya pini, mate na povu mdomoni, jasho, misuli kuchezacheza, mapigo ya moyo ya polepole, harufu ya dawa ya shambani. Alimpa atropini, dawa ya kupinga sumu ya aina hii. Hizo ni dalili za organofosfati au karbamati, kundi jingine la dawa za wadudu. Yote mawili huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi, na mwili unajifurika kwa majimaji yake.

Daftari hilo halikufika kwenye jalada hadi baada ya ripoti ya maabara. Lingefika siku ya 1, mambo matatu yangebadilika. Daktari wa mochwari angechukua mkojo na damu kwa njia sahihi. Fomu ya Wandegeya ingesema anzeni na organofosfati na karbamati. Na mwendesha mashtaka angekuwa na shahidi wa kitaalamu wa chanzo cha kifo, tabibu mwenyewe, miezi sita kabla ya kemia kuthibitisha. Hii ndiyo ile njia nyingine aliyoikosa: kupeleka jalada Mahakama Kuu kwa maelezo ya tabibu na ya daktari, ripoti ya maabara ifuate kabla ya kusikilizwa.

Angalizo moja kwa wapelelezi: msitegemee mboni za maiti. Atropini hupanua mboni, na kifo chenyewe huzibadilisha. Za kuaminika ni zile zilizoonwa na tabibu kabla ya sindano, na ziko kwenye daftari lake tu.

Uchambuzi: sampuli zilizoharibika

Vielelezo vinne vilifika, kimoja tu kikawa na uzito mahakamani: tumbo.

Sahani na chupa viliharibiana. Kizibo cha chupa hakikubana, na klorpirifosi iliyovuja ndani ya kavera ilitosha kuipaka sahani. Maabara ilipoikuta kwenye chakula haikuweza kusema ilikuwamo tangu jikoni au iliingia safarini. Chombo kinachodhaniwa kuwa chanzo cha sumu hufungwa peke yake, kizibo kikikazwa na kuzungushiwa utepe, ndani ya chombo cha pili kisichovuja, na husafirishwa kwenye sanduku tofauti na kila kitu kilichotoka mwilini au mezani.

Damu ya moyoni si nzuri hata ikiwa mbichi, kwa sababu baada ya kifo kemikali husambaa kutoka tumboni na kwenye ini kuelekea kifuani na kupandisha kiwango kwa uongo. Inayotakiwa ni ya mshipa wa paja, na vichupa viwe viwili: kimoja cha mililita 10 chenye sodiamu floridi ya asilimia 1 hadi 2, inayozuia vijidudu na kupunguza kuvunjika kwa sumu; kingine chenye kizuia kuganda bila floridi, kwa sababu floridi yenyewe huizuia kolinesterasi na kuharibu kipimo chake. Watu wengi husahau hicho cha pili.

Kwa mengine: ini gramu 100 bila kihifadhi chochote, mkojo wote uliopo hadi mililita 50, vilivyomo tumboni vyote baada ya kupima ujazo. Kila kitu kwenye chombo chake, kijazwe theluthi mbili tu, kwani gesi ya kuoza hupasua chupa iliyojaa. Nyuzi 4 kama vitafika ndani ya siku chache, nyuzi 20 chini ya sifuri kama vitakaa. Formalini marufuku kwa chochote kinachokwenda kupimwa sumu, kwa kuwa hubadilisha kemikali nyingi na kuvuruga vipimo.

Tumbo liliokoka kwa bahati ya kikemia. Klorpirifosi huvumilia kwenye tindikali ya tumbo. Ingekuwa diklorvosi, inayovunjika upesi kwenye maji, siku 41 za friji inayozimika zingetosha kuimaliza. Ingekuwa fosfini ya vidonge vya kuhifadhia nafaka, gesi yake ingetoroka mara chupa ilipofunguliwa, na ripoti ingesema hakuna sumu. Kijiji kingesoma maneno hayo kama hukumu.

Kilichofanya kazi

Si kila kitu kilikwenda vibaya. Mwenyekiti wa LC1 aliokoa maisha kwa simu moja. Lakiri zilipigwa na hazikufunguliwa njiani, hata safari ya pili. Mapokezi ya Wandegeya yalikagua badala ya kupokea tu. Mchambuzi alipoona dawa za hospitali hazipo hakuandika "hakuna kilichoonekana" na kufunga, ingawa fomu ilimruhusu. Alipanua utafutaji. Na pande mbili kuikubali ripoti kwenye kikao cha awali kuliokoa siku tatu za mchambuzi kwa ajili ya foleni ya wengine.

Kilichobadilika kituoni, na kisichobadilika

Baada ya kesi, kituo kilifanya mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Vielelezo vinavyooza vimetenganishwa na visivyooza: vya kwanza huondoka ndani ya siku saba na askari mmoja kwa basi la usiku, akiwa na kibebeo cha baridi kilichonunuliwa kwa kazi hiyo (wazo la kuazima cha chanjo lilikataliwa na kituo cha afya, na lilistahili kukataliwa). Pendekezo la kuvituma kama mzigo wa basi bila askari lilitupwa pia, kwa kuwa kondakta hasaini daftari la ulinzi wa kielelezo. Nakala ya daftari la tabibu huchukuliwa siku ya kwanza. Anayeandika maelezo ya shahidi akisikia "dawa" anauliza ya nini, kisha anaandika na neno lenyewe kama lilivyosemwa. Fomu ina nambari ya simu ya ofisi, si ya mtu. Kila Jumatatu karani wa CID hupiga simu Wandegeya akiwa na orodha ya majalada na tarehe ya siku 180 ya kila mshukiwa, na kutoka siku ya 120 mwendesha mashtaka hupewa nakala ya orodha hiyo.

Mochwari haijabadilika sana. Hospitali huletewa formalini kwenye mgao wake wa dawa, lakini chupa tupu za mdomo mpana na vichupa vya floridi havimo kwenye mgao huo, kwa hiyo hununuliwa pale mpelelezi anapokuwa na pesa mfukoni.